Mgongo wa Adela

Adela alizaliwa Jumanne ya kwanza ya Julai, mwaka sabini na tano, akiwa na nywele tele, vidole vyote na sauti ya kuamsha majirani. Alipogeuzwa ili apanguswe, ndipo wote katika chumba cha zahanati walipouona mgongo. Chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, palikuwa pamebaki wazi. Ngozi haikufika pale. Palikuwa na kijifuko chembamba, chekundu, kinachovuja maji, na miguu miwili iliyo chini yake haikurusha teke hata moja.

Baba yake aliitwa aingie. Flavian alikuwa na miaka ishirini na minane, balozi wa nyumba kumi katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Pito, mtu wa kufika mkutanoni kabla hata viti havijatolewa. Alizoea kupewa jambo na kupewa na siku ya kulimaliza. Mbele ya mgongo ule alisimama kama aliyesahau alichotumwa, kisha akauliza swali la kijinga kuliko yote aliyopata kuuliza maishani mwake: kama patajifunga penyewe.

"Hapatajifunga," alisema nesi Atuganile.

Nesi huyu alikuwa Mnyakyusa, kazi ndiyo iliyomleta Ufipa kutoka Mbeya, na Jumapili aliimba kwaya na Wamoraviani wenzake wachache. Hata hivyo alichota maji kwa kikombe akambatiza mtoto wa Wakatoliki palepale mezani bila kumngoja padri, kwa kuwa hakuwa na hakika kama mtoto angeiona jioni. Mtoto aliiona. Kesho yake akapelekwa hospitali mjini Sumbawanga. Daktari alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole kwamba wa kushona migongo ya namna ile wako Dar es Salaam, na hata wao hufanikiwa kwa wachache, na kwamba safari yenyewe ingemmaliza njiani. Akawapa vitambaa safi na dawa ya kuoshea kidonda, na Flavian na mkewe Dominika wakarudi nyumbani na binti yao.

Nyumbani alikuwapo mama yake Flavian, Josefina.

Tusimsingizie mama huyu. Hakuna aliyemwosha Adela kwa mikono laini kama yake, na siku ya kwanza alilia hadi sauti ikamkauka. Lakini alikuwa mtu asiyeweza kukaa na msiba usio na mwenyewe. Siku ya tatu alikuwa ameshampata.

Mwezi wa Machi kijiji kizima kilikuwa kwenye shamba la ujamaa, kinalima matuta ya ntumba. Wafipa wanajua kazi hiyo: unakata udongo wa juu pamoja na majani yake mabichi, unaukunja, unaulundika tuta la duara, majani yaoze humo ndani yawe mbolea ya ulezi wa msimu ujao. Dominika alikuwa na mimba ya miezi mitano, na alikata na kukunja kama wenzake.

"Nilimwambia mwenye mimba hachani ardhi," alisema Josefina. "Akachana. Haya, tazameni mgongo wa mtoto."

Mwiko huo sijui aliutoa wapi. Wazee wawili wa kijiji walipoulizwa walisema hawajapata kuusikia. Wa tatu alisema amewahi kuusikia, na huyo wa tatu ndiye aliyeaminiwa. Kabla juma halijaisha, wanawake waliokuja kumpa Dominika pole walikuwa wanampa huku wanamtazama kwa jicho la pembeni.

Flavian alisikia yote na akauma midomo. Machi ile Dominika alikuwa amemwomba abaki nyumbani siku mbili, kiuno kinamsumbua, naye akamjibu kwamba mke wa balozi akikosa shambani, watu kumi watakosa kesho yake. Kama ni tuta, basi yeye ndiye aliyemtuma kwenye tuta. Alilala na neno hilo, akaamka nalo, na hakulitoa.

Josefina naye hakuishia kwenye lawama. Aliogopa tumbo lijalo. Alituma ujumbe Kirando kwa Kornel, kaka wa marehemu mumewe, aje Jumapili wazungumze kama Dominika aende kwao Kate akapumzike. Sisi Wakatoliki wa huku hatuachi wake, tunawapumzisha. Mwanamke huambiwa akapumzike kidogo kwa mama yake, na kidogo hicho watu wamekiona kikifika miaka kumi na moja.

Alhamisi Flavian alikwenda zahanati kuchukua vitambaa. Nesi Atuganile alikuwa peke yake, anakunja vilivyochemshwa. Flavian alivipokea, akafika mlangoni, akarudi.

"Nesi, mama anasema ni matuta. Ni kweli?"

"Matuta gani tena, ndugu balozi?"

Akamweleza. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho, akasonya, akavuta kigoda. "Kaa hapa," akasema, na akatandaza mezani vitambaa vitatu, kimoja juu ya kingine.

"Mtoto haanzi akiwa mtu mdogo anayenenepa tu. Anaanza na chembe moja. Inagawanyika, mbili, nne, nane, mpaka inakuwa kitonge ambacho huwezi kukiona kwa macho. Kitonge kinajishikiza kwenye mji wa mimba. Juma la tatu kinakuwa bapa, na kina tabaka tatu kama hivi. Hili la chini litakuwa utumbo, litakuwa ini, litakuwa mapafu. La katikati litakuwa mifupa na nyama na damu, na moyo wenyewe. Moyo unaanza kupiga mama mtu bado anadhani amechelewa siku zake tu. Hili la juu litakuwa ngozi."

"Na mgongo?"

"Ngoja basi. Hili la juu haliishii kuwa ngozi. Hapa katikati linabonyea, linafanya mfereji." Alikibonyeza kitambaa cha juu kwa kidole, kingo mbili zikainuka, akazishika na kuzikutanisha. "Kingo zinakutana hivi. Zinaanza kufunga hapa kati, halafu zinaendelea kwenda juu na kwenda chini, kama mtu anayefunga vifungo vya shati akianzia tumboni. Huku juu patakuwa ubongo. Huku chini patakuwa uti wa mgongo. Pakishafungwa, ngozi inapita juu yake, mifupa inauzungushia. Mwanao hapa chini hapakufungwa. Ni hapo tu. Kila kitu kingine kilijitengeneza kama kawaida."

Flavian aliitazama ile nafasi iliyobaki kati ya kingo mbili za kitambaa. Ilikuwa ndogo sana.

"Inachukua muda gani?"

"Siku ishirini na nane. Ikifika siku ya ishirini na nane tangu mimba iingie, kilichofungwa kimefungwa, na kilichobaki kimebaki. Machi mwanao alikuwa na kucha tayari. Mkeo angelima mlima mzima, mgongo ule usingechanika. Umenielewa?"

Alimwelewa. Alishusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile alihisi njaa. Si tuta. Si Dominika, na si yeye aliyemtuma Dominika. Alitaka kukimbia nyumbani akamwambie mama yake palepale uwanjani, watu wakisikia. Angeondoka wakati huo huenda mambo yangekwenda vingine. Lakini alikuwa mtu wa tarehe.

"Sasa hizo siku ishirini na nane ziliangukia lini?"

Nesi alichukua kadi ya kliniki ya Dominika, akasogelea kalenda ya mwaka uliopita iliyokuwa bado inaning'inia nyuma ya mlango, akahesabu kwa ncha ya penseli. "Siku zake za mwisho alizipata tarehe ishirini na nne Septemba. Mimba tuseme iliingia nane Oktoba. Ishirini na nane zinaishia kama tano Novemba, na pale chini hufungwa siku mbili tatu kabla ya hapo."

"Watakatifu Wote," alisema Flavian.

"Eeh, juma hilohilo."

Akakaa tena kwenye kigoda, ingawa hakuna aliyemwambia akae.

Juma la Watakatifu Wote lilikuwa juma lao la kuhama. Jumatatu yake katibu kata aliwaita mabalozi akawaambia kwamba mpaka Jumamosi anataka kuona nyumba za mabalozi zimeshuka, ili wananchi wafuate. Dominika alikuwa kitandani na homa kali, mwili unachoma, meno yanagongana. Alimwambia mumewe: ningojee mpaka Jumatatu ijayo, nipate hata nguvu za kutembea. Flavian akamwambia kwamba Jumatatu ijayo atakuwa balozi wa nne kuhama. Alhamisi asubuhi alipanda juu ya nyumba akaanza kuezua, mkewe yumo ndani. Nyasi na masizi vilimwangukia kwenye blanketi. Alasiri ikanyesha mvua ya kwanza ya msimu ule, mvua yenyewe ya Ufipa, baridi kama maji ya kisima. Alimfunika ngozi ya ng'ombe na mkeka, akaendelea na kazi. Tela la trekta lilikuja Jumamosi. Kwenye mkutano wa kijiji kipya alisimamishwa mbele, akapigiwa makofi, na makofi yale aliyapenda.

"Nesi," aliuliza, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, "homa inaweza kuzuia pasifungwe?"

Atuganile alimtazama. Alikuwa amefanya kazi na watu muda wa kutosha kujua kwamba swali lile halikuwa la elimu.

"Daktari mmoja nilimsikia akisema homa kali sana inaweza kudhuru. Mwingine alisema ni chakula. Mwingine alisema ni mambo ya ukoo. Mimi nimewashika watatu wa namna hii, na mama wa mmoja hakuugua hata mafua. Kweli ya Mungu sijui, baba Adela, na hao madaktari hawajui. Nimekwambia lini. Sikukwambia kwa nini."

Nyumbani alimkuta Dominika ameketi mlangoni kwenye jua, amemlaza Adela kifudifudi mapajani ili mgongo usiguse kitu. Ndivyo alivyokuwa akimbeba siku zote, na mikono ilikuwa inamuuma kwa kuwa mtoto wa namna ile hawezi kubebwa mgongoni.

"Si tuta," Flavian alimwambia. "Nesi amesema. Ilikuwa mwanzoni kabisa."

Dominika aliinua uso. "Mwanzoni lini?"

"Mwanzoni tu. Kabla hatujajua."

Alimtazama kwa muda, kisha akarudi kumtazama mtoto. Wanawake hawahitaji kalenda ya nyuma ya mlango kuhesabu mambo hayo.

Jumapili, baada ya misa, Kornel alifika na kifurushi cha dagaa. Flavian alimwamkia, "Shikamoo baba mkubwa," naye akaitikia, akamtazama mtoto, akavua kofia. Walikaa ndani watano: Kornel, Josefina, Flavian, Dominika, na Adela mapajani mwa mama yake akinyonya kwa bidii kama mtu mwenye mipango.

Josefina alisema yake kuhusu tuta. Kisha Flavian akasimama, na mwanzo alisema vizuri sana. Alieleza chembe moja, alieleza tabaka tatu, akachukua kanga akaonyesha mfereji na kingo zinavyokutana. Alisema siku ishirini na nane. Alisema Machi mtoto alikuwa na kucha. Kornel alimsikiliza kwa heshima, maana alipenda mambo ya kitaalamu, na akaitikia kwa kichwa.

"Basi tuta tuliweke kando," akasema. Moyo wa Flavian ulimruka kwa furaha. "Sasa huo mwezi wa kwanza ulikuwa lini?"

Hapo ndipo alipoona alichokifanya. Alikuwa amemtoa mkewe shimo moja na kumsogeza kwenye jingine, na jingine lilikuwa lake yeye.

"Kama... juma la Watakatifu Wote."

"Juma la kuhama!" Josefina alipiga paja. "Si ndiyo hapo? Huyu hakutaka kuhama! Alikuwa kalala kitandani ananung'unika, ngojeni Jumatatu, ngojeni Jumatatu. Mtoto kaumbwa kwenye kinyongo. Kitu gani kingefungika humo?"

"Dominika, mwanangu," alisema Kornel, bila ukali, "ulikuwa na kinyongo?"

"Nilikuwa na homa, baba."

"Homa tu?"

Dominika aligeuza uso akamtazama mumewe, na hakukuwa na hasira kwenye macho yale. Alikuwa anamngoja. Kornel naye akafuata macho yake. "Flavian. Wewe ulikuwa mwenye nyumba. Kulikuwa na nini?"

Ilikuwa ni sentensi moja tu. Alikuwa nayo mdomoni, imekamilika: nilimwezulia paa akiwa mgonjwa, alinisihi ningoje nikakataa. Alifungua kinywa. Akaona makofi ya mkutano, akamwona mama yake akimgeukia yeye na lile jicho, akajiona yeye mwenyewe akiitwa mpaka kufa mtu aliyeuacha wazi mgongo wa mwanawe. Nesi alikuwa amesema hakuna anayejua. Aling'ang'ania hapo.

"Alikuwa na homa," alisema. "Juma lile kila mtu alikuwa na shida zake."

Dominika aliinamisha kichwa, akamtengeneza mtoto kwenye ziwa, na tangu hapo hakumtazama mtu. Kornel alisema kwa maneno mazuri kwamba si kufukuzana, ni kupumzika, na kwamba haina haraka, angojee kwanza mtoto atulie. Wote walijua kutulia maana yake nini.

Adela alitulia Ijumaa iliyofuata, saa nne asubuhi, baada ya homa ya siku tatu. Alikuwa na siku kumi na nane. Kabla ya hapo alikuwa ameanza kumfuata mama yake kwa macho, na hili ndilo Dominika alilolisema kwa kila aliyekuja, ananifuata kwa macho, kana kwamba kuna mtu angeweza kulitumia kurekebisha jambo.

Kijiji kipya hakikuwa na makaburi. Baba yake Flavian na babu yake walikuwa wamelala kule walikohama, mwendo wa saa tatu, nyumba zimeshaanguka na magugu yamefika kiunoni. Mwenyekiti alisema kijiji ni hiki sasa, mtoto azikwe hapa. Wakachagua mahali nyuma ya shamba la ujamaa, na Adela akawa wa kwanza. Flavian alichimba mwenyewe, akakataa kupokewa jembe. Ardhi ya Julai ilikuwa ngumu na upepo ulikuwa unakata masikio. Katekista alisoma sala, nesi Atuganile akaanzisha wimbo wa kwao na Wakatoliki wakamfuata kwa shida, kila mtu akienda na sauti yake. Dominika hakulia makaburini. Alilia alipofika nyumbani akajikuta amekaa mlangoni juani, mapaja ameyaweka tayari.

Jumatatu kaka yake, Basil, alifika kutoka Kate na baiskeli. Alisalimia wote kwa adabu, akanywa uji, akafunga sanduku la dada yake nyuma ya kiti. Josefina alimpa Dominika unga wa ulezi wa njiani na akamkumbatia akilia kweli, kwa maana alimpenda, na mtu anaweza kumpenda mtu na kumwondoa.

Flavian aliwasindikiza mpaka barabarani. Basil, aliyekuwa na akili, alitangulia na baiskeli yake.

"Dominika," Flavian akasema, "siku ile ya paa..."

Dominika akasimama. Flavian akayasema yote. Alisema mkewe alikuwa mgonjwa na yeye alimwona. Alisema aliombwa angoje mpaka Jumatatu na kwamba hakungoja kwa sababu alitaka kuwa wa kwanza. Alisema nyasi zilimwangukia kwenye blanketi, na mvua ikaja, na yeye akaendelea na kazi. Maneno yalikuwa yamekaa muda mrefu, yalitoka kwa kusukumana. Alilia barabarani mchana kweupe, balozi mzima, na wapita njia wakageuza nyuso ili wasimwaibishe.

"Ni mimi," alisema. "Si wewe. Kama ni mtu, ni mimi. Nisamehe."

Dominika alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumwita baba Adela.

"Unaniambia mimi, Flavian?"

"Nimwambie nani mwingine?"

"Jumapili uliulizwa. Walikuwa wamekaa wanakusikiliza." Aliuinua mzigo wake mdogo akauweka kichwani. "Mimi nilikuwa kitandani, nyasi zikiniangukia. Mimi nilikuwepo."

Akaondoka. Hakutembea haraka, wala hakugeuka.

Flavian alirudi nyumbani. Mama yake alikuwa uwanjani anapepeta ulezi, na Kornel ameketi kwenye kigoda anangoja lori la kurudi Kirando. Wote wawili waliinua vichwa. Josefina alimwuliza kama wameagana vizuri.

"Vizuri," alisema Flavian, akaingia ndani.